Kupigiwa na Kupigwa: Bunduki Jukwaani, Kutoka Beni ya Tanga Hadi Gitaa la Umeme

Mhadhara wa umma uliotolewa mjini Tanga



Bunduki ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya mti. Nilikuwa darasa la tano, na shule yetu ilikuwa imechaguliwa kuingia kwenye halaiki katika uwanja wa Mkwakwani. Fundi seremala mmoja wa Ngamiani alituchongea bunduki kwa mbao za mabaki, akazipaka rangi nyeusi na kuzitia mikanda ya kamba ya katani, kama inavyostahili mkoa wa mkonge. Siku tunagawiwa, rangi ilikuwa haijakauka. Viganja vyetu vilibaki vyeusi juma zima.

Mwalimu aliyetufundisha gwaride alikuwa amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kabla ya amri nyingine yoyote alitupa hii: mdomo wa bunduki utazame juu au chini, usimtazame mtu. Mwenzetu mmoja akamlenga rafiki yake kwa mzaha. Mwalimu alisimamisha mazoezi, akamwita mbele, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Huyo uliyemlenga ana mama?" Tulikaa kimya. Swali lile sijaachana nalo mpaka leo, na ndilo lililonileta hapa.

Mada niliyopewa ni ujumbe wa kisiasa kuhusu bunduki katika maonyesho ya jukwaani, hasa ya muziki wa roki. Najua wapo wanaojiuliza roki na Tanga vinakutana wapi. Vinakutana mahali pamoja: mtu amesimama mbele ya watu akiwa na chombo cha sauti kubwa, anawaambia jambo kuhusu silaha, nao wapo palepale, hawana pa kujificha, wala yeye hana. Jambo hilo pwani hii imelijua tangu kabla gitaa halijatiwa umeme.

Naomba tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinawapa mwanamuziki na askari kitenzi kimoja. Gitaa hupigwa, ngoma hupigwa, tarumbeta hupigwa, na bunduki hupigwa. Tofauti haimo mikononi mwa mpigaji. Imo kwa aliye mbele yake. Aliye mbele ya gitaa hupigiwa. Aliye mbele ya bunduki hupigwa. Kiambishi kimoja kidogo ndicho kinachomtenga msikilizaji na maiti. Ninachotaka kuwaambieni jioni hii ni kwamba msanii anayeitaja bunduki jukwaani amekisogelea kiambishi hicho, na tumpime kwa namna anavyokilinda.

Mizinga ya Mrima

Mwambao huu umepigwa kwelikweli. Mwaka 1888 watu wa Mrima waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na meli za kivita zikaelekeza mizinga kwenye miji yetu. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza mapambano upande wa Pangani, alinyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bunduki za chuma zilishinda, lakini habari haikuachwa kwa mshindi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu wa vita hivyo, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Na utenzi, mabibi na mabwana, haukutungwa ili ulale kabatini. Hughaniwa. Mtu hukaa mbele ya watu, akainua sauti, wakamsikia walionusurika. Huo nauhesabu kuwa onyesho la kisiasa kuhusu silaha, na ni la kwetu.

Novemba 1914 vita vikarudi. Jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka upande wa Ras Kasone kuuteka mji huu. Waliowangoja walikuwa Wajerumani na askari wao Waafrika wapatao 1,000. Mnajua yaliyotokea: nyuki waliotibuliwa na risasi waliwavamia wapiganaji, na Waingereza wakarudi merikebuni, wakiacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi kwa malaki. Kiswahili kina neno mzinga kwa nyumba ya nyuki, na neno hilohilo mzinga kwa silaha ya vita. Siku zile Tanga ilionja mizinga ya aina zote mbili. Lakini waliolala chini walikuwa watu: vijana wa Kihindi wasioujua mji huu, na vijana wetu waliovaa sare za Mjerumani.

Katika zama hizohizo ndipo ilipovuma ngoma ya beni. Jina lenyewe latokana na bendi. Ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikateremka mwambao mzima, na Tanga ikawa na pande zake mbili mashuhuri, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na hata hivyo hakuimaliza. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo vya jeshi, wakapita mitaani kwa mwendo wa gwaride huku tarumbeta na ngoma kubwa vikitikisa madirisha. Kuli wa bandarini, aliyeamrishwa mchana kutwa, jioni alikuwa jenerali, na watu walimpigia saluti.

Wapo waliodhani beni ni kumwiga mzungu tu. Mimi nasema ilikuwa kazi kubwa ya fikra. Watu waliotawaliwa kwa gwaride walilichukua gwaride lilelile, wakalitoa risasi, wakaacha mwendo, sare na muziki. Waligeuza chombo cha kupigwa kikawa cha kupigiwa. Maofisa wa kikoloni waliifuatilia ngoma hiyo kwa wasiwasi, na wasiwasi wao unanithibitishia kwamba ujumbe uliwafikia.

Atomiki, Paselepa na Vangavanga

Baada ya vita vya pili vya dunia, mji huu ulijaa magitaa. Wakata mkonge walikuja kutoka kila pembe ya nchi, na bendi zikazaliwa miongoni mwao: Young Nyamwezi, iliyokuja kuwa Jamhuri Jazz, na mshindani wake Atomic Jazz, ya akina John Kijiko na Stevie Hiza. Litazameni jina hilo la pili. Neno ambalo mwaka 1945 lilimaanisha miji miwili ya Japani kugeuzwa majivu, Tanga likamaanisha Jumamosi usiku, viatu vilivyong'arishwa na wachumba wanaotafutana ukumbini. Ushindani wa Atomic na Jamhuri ulikuwa mkali kama wa Marini na Arinoti, lakini aliyeshindwa alirudi nyumbani akiwa mzima.

Kisha likaja jambo ambalo si nchi nyingi zimelijua. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Mwaka huohuo, Septemba, likaundwa jeshi jipya, JWTZ, lililokusudiwa kuwa jeshi la wananchi kwa jina na kwa tabia. Majeshi yetu yakaunda bendi. Mwenge Jazz ya JWTZ ikatamba na mtindo wa Paselepa; Polisi Jazz ikawa Vangavanga; JKT ikawa na Kimulimuli na Kimbunga, na magereza nao hawakubaki nyuma. Tukacheza dansi na watu ambao mchana walishika bunduki. Hata taarabu iliingia kambini: Shakila Saidi, binti wa Pangani aliyetamba na Black Star hapa Tanga, baadaye aliimbia JKT Taarab. Pangani ileile aliponyongwa Abushiri.

Nazithamini bendi hizo kwa moyo wote. Zilituonyesha askari aliye mtu wa kawaida, anayetoa jasho kwa ajili ya furaha ya mwenzake. Lakini ukweli una upande wa pili, nami nitausema kwa heshima. Anayelipwa mshahara na mwenye bunduki hawezi kumuuliza hadharani ameielekeza wapi. Januari 2001, ng'ambo ya mkondo huu tunaouona kutoka ufukweni, polisi waliwapiga risasi waandamanaji kisiwani Pemba, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Swali la namna hiyo linahitaji jukwaa ambalo halikujengwa na ghala la silaha.

Maonyesho mawili ya roki

Hapo ndipo roki inapotufaa, kwa sababu imeuliza swali hilo kwa njia mbili zinazopingana.

Mwaka 2007 Ted Nugent, mpiga gitaa maarufu wa Marekani na mtetezi mkubwa wa umiliki wa silaha, alisimama jukwaani akiwa ameshika bunduki mkononi, akamtukana Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kenya, pamoja na Hillary Clinton, waliokuwa wakiwania urais. Hakufyatua risasi, na mashabiki walishangilia. Lakini nawaomba mwone kilichotendeka kwa macho ya yule mwalimu wangu wa gwaride. Silaha ilitumiwa kumaliza maneno. Mpinzani wa kisiasa aligeuzwa shabaha, na umati ukaalikwa kulenga pamoja na msanii.

Miaka saba kabla yake, Juni 2000, Bruce Springsteen alipanda jukwaani Atlanta na wimbo mpya, American Skin (41 Shots). Ulimhusu Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 aliyetoka Guinea kwenda kutafuta maisha. Februari 1999, mlangoni pa nyumba aliyoishi mjini New York, polisi wanne walimfyatulia risasi 41. Risasi 19 zilimpata. Hakuwa na silaha. Alikuwa na pochi yake. Askari wale walishtakiwa, na mwaka 2000 wakaachiwa huru.

Wimbo ule ulianza kwa waimbaji wa bendi kuitaja hesabu ya risasi, mmoja akipokea kutoka kwa mwenzake, gitaa likiwa chini. Hesabu iliyosomwa mahakamani kwa sauti kavu ikawa kitu ambacho maelfu ya watu walilazimika kukipokea masikioni. Haukuwatukana askari: askari mmoja yumo ndani yake, amepiga magoti kando ya mwili, anaomba uhai urudi. Na yumo mama anayemwandaa mwanawe kwenda shule, akimuusia namna ya kusimama mbele ya polisi ili arudi nyumbani mzima. Chama cha polisi wa New York kiliwataka wanachama wake wasusie maonyesho ya Madison Square Garden. Springsteen akauimba usiku baada ya usiku, na katika ukumbi uleule baadhi wakazomea, wengine wakasimama.

Studioni wimbo hauzomewi. Jukwaani msanii anasema jambo mbele ya anayelichukia, na wote wawili wanabaki hai mpaka taa zizimwe. Wale waliozomea walipigiwa, hawakupigwa. Ndivyo ninavyoielewa siasa inayostahili jina hilo.

Bunduki ya ukombozi

Mtaniambia: Mwalimu, zipo bunduki za haki. Zipo. Nchi hii iliwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, ikawapa kambi za mafunzo Nachingwea na Mgagao. Sitakuja mbele ya wazee waliovikwa nishani niseme bunduki zile zilikuwa sawa na nyingine. Bob Marley aliimba kuunga mkono mapambano ya Zimbabwe mwaka 1979, na usiku wa Aprili 17, 1980 alikuwa uwanja wa Rufaro, Salisbury, bendera ya Uingereza ikishushwa. Watu waliokuwa nje, wenye uhuru ule, walisukuma malango ili waingie, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Moshi ukafika jukwaani, muziki ukakatika, kisha Marley akarudi na kuendelea.

Usiku ule unafundisha mengi. Hata bunduki iliyopigania haki ina saa yake ya kushushwa, na saa hiyo isipotangazwa kwa sauti, wanaoumia kwanza ni walewale walioipigania. Wimbo wa ukombozi unaoimbwa leo bila kuutaja mwisho wa vita unawafundisha vijana kutafuta adui mpya.

Neno kwa wapigaji wa leo

Siongei haya kwa kutazama mbali. Februari 2015 milio ya risasi ilisikika kwenye mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka hapa. Aprili 2017 Roma Mkatoliki, msanii ambaye Tanga tunamwita wetu, alichukuliwa na watu wasiojulikana studioni Dar es Salaam pamoja na wenzake, akaonekana tena baada ya siku kadhaa. Anayeimba siasa nchini kwetu anajua kwamba kuna nguvu isiyojibu wimbo kwa wimbo.

Kwa hiyo wanangu wa bongo fleva na wa bendi, mnaponyoosha vidole viwili kuelekea kwa mashabiki na kuwaambia wafanye hivyohivyo, na DJ akaongeza mlio wa risasi kwenye spika, nawasihi mfikirie mnachokifanya. Mbele yenu yupo binti ambaye kaka yake alipigwa na majambazi. Yupo askari wa lindo getini, mwenye bunduki ya kweli begani, anayetaka kurudi kwa watoto wake. Siwaambii msiitaje bunduki. Itajeni. Tajeni hesabu ya risasi, mtaje na jina la aliyepigwa. Ulizeni nani aliamuru, na kwa nini. Wenye madaraka nao nawaomba wavumilie kuulizwa, kwa sababu jukwaa likifungwa swali halifi, linahamia gizani.

Kadiatou Diallo, mama yake Amadou, alisafiri kutoka Guinea hadi New York kumchukua mwanawe. Kila ninaposoma habari zake, naiona ile safu yetu Mkwakwani, viganja vyeusi kwa rangi, na mwalimu akisubiri jibu kutoka kwa mtoto aliyelenga. Baada ya kimya kirefu mwenzetu alisema, "Ndiyo, mwalimu, anaye." Mwalimu akamwambia arudi kwenye mstari, mdomo wa bunduki juu. Kisha akainua mkono, bendi ya shule ikaanza kutupigia.