Wimbo Ulio Moyoni



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya faida ya nyimbo takatifu katika maisha ya Mkristo. Sitahubiri, maana wachungaji wapo. Neno langu ni moja tu: wimbo uliomo kitabuni haujawa wako bado. Ni wako siku unapouweza bila kitabu.

Tarehe 31 Januari 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misheni ya Kianglikana waliuawa kwa moto huko Busega, Buganda: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Yusufu alikuwa mtoto bado, mdogo kuliko ninyi wa kidato cha pili. Inasimuliwa kwamba walikufa wakiimba, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili, kwa kuwa wamisionari wa kwanza huko walianza kufundisha kwa lugha hii. Fikirini basi. Vijana wale walikuwa wamenyang'anywa kila kitu, wala hapakuwa na mtu wa kuwafungulia kitabu. Kilichobaki ni kile kilichokwisha kuingia moyoni. Na Paulo na Sila katika gereza la Filipi, usiku wa manane, miguu imefungwa katika mkatale, walikuwa na taa gani ya kusomea?

Wala si lazima tungoje mateso. Waulizeni wauguzi wanaowatunza wazee waliopotewa na kumbukumbu. Mzee huenda amesahau jina la mwanawe, lakini mwanzishie wimbo aliouimba ujanani, na mara nyingi atakufuata. Marehemu mama yangu alikuwa hivyo. Mwaka wake wa mwisho aliniita kwa jina la kaka yake, akinihimiza nikawatoe ng'ombe. Lakini jioni tulipoanza kuimba alishika sauti ya pili barabara, na tukiruka ubeti alitukemea.

Vijana wengine husema nyimbo hizi ni za Kizungu. Wana haki kiasi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nyingi za Ulaya hutua kwa nguvu juu ya silabi ya mwisho. Ndiyo maana katika baadhi ya tafsiri za zamani twayavuta maneno mpaka yanageuka kichekesho. Lakini dawa yake ni kutunga, si kunyamaza. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya, na leo wimbo huo huimbwa wakati wa Pasaka hata katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Wakati ule alikuwa akisoma theolojia Makumira. Mwanafunzi, angalieni, si askofu!

Linalonitia wasiwasi ni jambo jingine. Siku hizi katika makanisa mengi kwaya huimba kwa vipaza sauti, nasi wengine huketi tukitazama kama watu waliolipa kiingilio. Maneno huonyeshwa ukutani kwa mashine. Umeme ukikatika, wimbo nao umekatika. Sina ugomvi na gitaa wala kinanda cha umeme. Ila mtu asiyeimba mwenyewe, ataweka akiba gani?

Sisi tulifundishwa kwa solfa ubaoni, kila sauti peke yake, na sisi wa besi tulirudia mstari mmoja mpaka chakula kikapoa. Tulinung'unika sana. Lakini jana, tulipokutana bwalini wazee watano ambao hatukuonana kwa miaka mingi, mmoja alianzisha wimbo, na kila mtu akaingia mahali pake bila kuulizana.

Kesho asubuhi kuna ibada ya kufunga mkutano wetu. Nimepatana na mwalimu wa kwaya kwamba wimbo wa mwisho utaimbwa bila kitabu na bila mashine. Wazee hatutakaa mstari wa mbele. Tutasimama katikati yenu, besi karibu na mlango, sauti ya tatu upande wa madirisha. Asiyejua maneno na aje bwalini leo saa mbili usiku, baada ya chakula. Tutaanza na ubeti wa kwanza.