Bibi Zetu Nao Waingie Uwanjani



Tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, Gavana Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, lililokuwa Ujerumani. Vijana wetu wanayajua hayo kwa kitabu tu. Bibi waliokuwa watoto mwaka ule wamebaki wachache, nasi vikaoni tunawaita kuja kula basi.

Juzi tuliigiza siku ile. Bibi mmoja akatukatiza: "Sivyo! Akina mama hawakukaa hivyo." Akaingia mwenyewe kutuonyesha. Wajukuu wakamwuliza maswali hadi jioni, marejesho yakasubiri (mweka hazina alinuna kidogo).

Tunaomba mfuko wa jamii ulipe nauli za bibi hao kwanza, fulana za sherehe baadaye.