Ini Lako Si la Jirani

Msikilizaji, Ijumaa usiku Westlands, Nairobi, wawili wanakunywa bia sawa. Mmoja anacheka tu. Mwenzake uso umewaka, moyo unamwenda mbio. Usimcheke. Ndani ya ini, kimeng'enya cha kwanza hugeuza pombe kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu; ndiyo huwasha uso hivyo. Cha pili huigeuza kuwa asetati, isiyodhuru. Kasi ya vimeng'enya hivi hutegemea pia jeni tulizorithi. Asia Mashariki wengi wana kile cha pili dhaifu, na wakizoea ulevi hatari ya saratani ya umio hupanda. Miongoni mwa Waafrika ipo aina ya kile cha kwanza inayovunja pombe upesi zaidi. Lakini ukikuta polisi na alkoblo, kipima-pombe, barabara ya Waiyaki Way, usijitetee kwa jeni: mashine hupima pumzi, si ukoo.

Kuna jambo zito zaidi. Kimeng'enya hicho cha kwanza huanza kugeuza methanoli, inayochanganywa kwenye pombe haramu, kuwa sumu inayopofusha. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa hivyo. Uwe Kangemi au Kawangware, ukinywa kisha macho yakaona ukungu, usilale: kimbia hospitali. Kuna dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, mradi ufike mapema.