Bwawa la Maji ya Mvua: Tupime Kwanza, Ndipo Tuchimbe



Wengi mmeomba tuchimbe bwawa pale juu ya mteremko, ili maji ya mvua yasishuke hadi nyumbani mwetu. Ombi ni zuri. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na hapa Rubavu mto Sebeya uliingia majumbani. Lakini naomba tupime kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu niliona. Katika kambi niliyoishi utotoni bwawa lilichimbwa wakati wa kiangazi. Shimo lilikuwa kavu, tukafurahi. Masika yalipofika likajaa kutoka chini. Sakafu yetu ikalowa ingawa paa halikuvuja, vyoo vya chini ya mteremko vikafurika. Mama aliinua vitanda juu ya mawe.

Maji yakiingia ardhini hayapotei. Yakikuta maji mengine karibu, hurundikana chini ya bwawa, kisha hufuata mteremko. Kule Bugeshi, kwenye mawe ya volkano, nyufa huyanywa upesi. Penye udongo wa mfinyanzi hukawia. Basi tusiige Bugeshi kwa macho tu. Tena ufa hauchuji kitu: uchafu wa choo hupita nao.

Hesabu ni hii. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba 20, kila moja na mabati ya mita za mraba 50, zikipata mvua ya milimita 30, ni lita 30,000. Hilo ni bwawa la mita 6 kwa 5, kina mita 1, na bado hatujahesabu maji ya njiani.

Tuchimbe shimo la mita 2 penye bwawa, na jingine karibu na vyoo vya chini. Tuyafunike, watoto wasitumbukie. Asubuhi tutazame maji yamesimama wapi: chini ya bwawa ibaki angalau mita 1 ya udongo usio na maji. Kisha, katika shimo la mita 1, tumimine maji mpaka udongo ushibe, tutie alama kwenye fimbo, tungoje saa moja. Yakishuka milimita 10, bwawa litahitaji saa 100, zaidi ya siku 4, na mvua ya masika haingoji. Hapo afadhali mtaro wa mawe hadi korongoni.

Jumamosi asubuhi nitakuwa pale juu na jembe na fimbo. Watu wa mitaa ya chini waje pia, maana maji hayo yatawafikia wao.