Sarafu ya Kaisari na Ada ya Shule



Injili ya Jumapili hii yatuonyesha Mafarisayo na wafuasi wa Herode wakimjia Bwana na swali la mtego juu ya kodi. Bwana hakuwajibu papo hapo. Aliomba kwanza aonyeshwe sarafu. Jibu lake twalijua sote, na mara nyingi twalisoma kana kwamba limeigawa dunia vyumba viwili, kila kimoja na ufunguo wake. Lakini sarafu ile, kabla ya kumfikia Kaisari, ilikwisha kupita mikononi mwa mvuvi, mkulima na mchuuzi. Kodi ni jasho la watu. Basi shule ya Kanisa ikipokea fedha ya kodi, imepokea jasho la nani?

Swali hili si geni kwetu. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na shule ikafuata kanisa. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927, serikali ya Mwingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizokubali mtaala wake na ukaguzi wake. Vyuo vya Kurani, kwa sehemu kubwa, havikupata kitu. Tusilipite neno hili haraka. Ndugu zetu Waislamu walilipa kodi ile ile, na kutokana na hapo likaanza pengo la elimu ambalo wanalitaja hata leo, nao wanalitaja kwa haki.

Nchi ilipojitawala, Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki na aliyefundisha katika shule za Kanisa za St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, ndiye aliyezitaifisha. Sheria ilipitishwa mwaka 1969, ikaanza kutumika 1970. St. Mary's ikawa Milambo. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa, lakini mlango wa shule nyingine ukafunguliwa kwa mtoto wa kila dini. Wengi katika Kanisa waliona uchungu. Hata hivyo, tukisema kweli, mtoto wa Mwislamu aliyeingia Pugu baada ya hapo hakumnyang'anya Mungu kitu chochote.

Hapa Mwanza tuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni wa hospitali. Bugando ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka uliofuata, ikarudishwa kwa Baraza la Maaskofu mwaka 1985. Tangu hapo Kanisa na serikali wanaiendesha kwa makubaliano, na fedha ya umma inalipa mishahara ya wafanyakazi. Anayepanda daladala kutoka Nyakato akiwa na mgonjwa mapajani haulizwi pale mlangoni kama amebatizwa. Kwa sababu hiyo ni vigumu kumpata mtu wa kuilalamikia fedha ile.

Kwa shule mambo ni magumu zaidi, maana shule yagusa imani ya mtoto. Mwezi wa Februari mwaka 1992 serikali ilitia sahihi hati ya maelewano na Baraza la Maaskofu pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, kuhusu elimu na afya. Waislamu wengi waliipinga, na bado wanaipinga, wakiuliza: nchi ambayo Katiba yake yasema haina dini, yawezaje kuwekeana mkataba na dini moja? Makanisa hujibu kwamba huduma ni ya wote. Twaliona jibu hilo kuwa jema, ila halithibitishwi kwa maneno. Laonekana kwenye orodha ya wanafunzi.

Tena laonekana kwenye ada. Mwaka 2016 shule za umma ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, lakini fedha hiyo haiji katika shule zetu. Matokeo yake mnayajua: shule iliyojengwa kwa jina la maskini yaweza kuwa shule ya mwenye duka, na mama anayeuza dagaa akaishia kuisoma alama ya barabarani tu. Vyuo vikuu vimepata njia iliyo nyoofu zaidi. Mkopo wa serikali anapewa mwanafunzi mwenyewe, awe anasoma Mtakatifu Augustino pale Nyegezi au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambacho kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme. Hapo Kaisari anamsaidia raia, na raia anachagua mlango wake.

Ibara ya 19 ya Katiba yatulinda pande mbili. Yampa kila mtu uhuru wa imani, hata wa kuibadili, na yaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Twapenda kuukumbuka upande wa pili tunapoogopa mkono wa serikali. Upande wa kwanza wamhusu pia binti wa Kiislamu aliyeketi darasani kwetu. Kumlazimisha kusali sala zetu, au kumvua mtandio wake kwa dhihaka, ni kumnyima kile tunachokidai sisi. Na imani iliyotokana na hofu ya mwalimu wa zamu, Bwana ataipokea kwa jina gani?

Basi juma hili, katika jumuiya ndogondogo, makatekista na wazazi walio katika kamati za shule za parokia waulize mambo matatu kwa upole: ni watoto wangapi wa maskini wanaosoma kwa ada iliyopunguzwa, mtoto asiye Mkristo anafanya nini wakati wa Misa, na je, siku ya Ijumaa anaruhusiwa kwenda msikitini? Majibu yaandikwe, yapelekwe kwa paroko kabla ya kikao cha bajeti.