Kipande cha Keki na Mizani



Daktari alipotuonya juu ya ugonjwa wa sukari, tuliacha chai tamu na mandazi, na uzito ukaanza kupungua. Jumamosi moja arusini tukala kipande cha keki. Kesho yake mizani ikaonyesha kilo moja zaidi. Tukasema, “Basi, tumeshaharibu, tutaanza tena mwezi ujao.” Tukala bila kujizuia.

Kumbe kilo ile karibu yote ilikuwa maji. Mwili ukiweka akiba ya sukari na wanga huweka na maji pamoja nayo, na chumvi huyazuia maji mwilini. Heri kupima mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula. Kilichotudhuru si keki, bali kukata tamaa.

Mithali 25:16 haikatazi asali; yaonya juu ya kupita kiasi. Keki si dhambi, lakini tukianguka dhambini Shetani hutumia hila ile ile: hutuambia safari imekwisha. Petro alimkana Bwana mara tatu, akarudi. Nasi turudi leo, tusingoje mwezi ujao.

Bwana atusaidie. Amina.