Amani Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Maneno ya baba mmoja kwa familia zilizohamishwa na vita na kwa viongozi wao, Kivu ya Kusini



Nimeombwa niseme juu ya amani. Sitasema juu ya silaha wala juu ya mipaka ya mashamba, maana wengine wamekwisha kusema vizuri kuliko mimi. Nitasema juu ya kitanda cha mgonjwa. Bibi yangu aliugua saratani inayoitwa limfoma, akatibiwa kwa kemoterapia. Dawa hizo zilipunguza uvimbe wake. Lakini kwa sababu hatukuzijua, nyumba yetu nusura ivunjike, na mtu asiye na kosa nusura auawe. Ndiyo maana nawaomba mnisikilize.

Limfoma inaanzia katika chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Mara nyingi tezi zinavimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, bila kuuma. Mgonjwa anaweza kupata homa, kutoka jasho usiku mpaka nguo zinalowa, na kukonda. Kifua kikuu nacho kinaleta dalili kama hizo, kwa hiyo ni vizuri hospitali ikate kipande kidogo cha tezi na kukipima. Ugonjwa huu hauambukizi. Haupiti kwa sahani, wala kwa kitanda, wala kwa jicho la jirani.

Bibi yangu alipewa dawa nne pamoja, ambazo madaktari wanaziita CHOP. Tatu zinaingia kwa mshipa siku moja. Ya nne ni vidonge vya predinisoloni, vya siku 5. Kisha mwili unapumzika, na siku ya 21 ikipita, mzunguko mwingine unaanza. Mara nyingi mizunguko ni 6, yaani kama miezi minne. Dawa hizi hazipatikani kila mahali kwetu mashariki ya Kongo. Wengine wamezifuata ng'ambo ya mpaka: Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967, au Butaro nchini Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012.

Sasa niungame makosa yangu.

Baada ya mzunguko wa kwanza tulirudi kambini. Siku ile ile mkojo wake ukawa mwekundu, na shangazi yake akapiga kelele kwamba ni damu. Usiku hakulala. Saa nane za usiku alikuwa anapanga vyombo. Alinigombeza mbele ya watoto kwa sababu ya kijiko, kisha akalia, kisha akataka chakula, akala sehemu ya watu wawili. Vidonge vilipokwisha, akaanguka kitandani kwa uchovu, hata kunyanyua kikombe ilikuwa kazi. Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka kwa mafungu.

Watu wakasema, "Alikwenda akitembea, amerudi hivi. Kuna mtu." Wakamtaja mama mmoja mzee, mjane, ambaye hema lake lilikuwa la tatu kutoka letu. Kosa lake lilikuwa moja: alimletea bibi yangu ndizi. Vijana wakasema wataenda usiku "kumuuliza". Ninyi mnajua maana ya neno hilo katika makambi yetu.

Nami nilinyamaza. Hilo ni kosa la kwanza. La pili, siku hiyo hiyo nilimwambia bibi yangu, "Kama unanidharau, rudi kwa kaka zako." Niliona hasira yake kuwa dharau. Yeye aliona ukimya wangu kuwa nimekwisha kumzika.

Mzee mmoja wa kamati yetu ndiye aliyeokoa watu wawili siku ile. Aliwaambia vijana, "Kabla ya kumuuliza mama, tuulize hospitali." Akapiga simu kwa muuguzi, akaiweka sauti ya nje, tukasikiliza sote. Muuguzi akajibu jambo moja baada ya jingine. Mkojo mwekundu: dawa moja, doksorubisini, yenyewe ni nyekundu, na rangi yake inatoka kwa siku moja au mbili. Kukosa usingizi, hasira, machozi na njaa kubwa: ni vile vidonge vya predinisoloni. Sisi tulikuwa tunampa jioni. Kumbe vinamezwa asubuhi, pamoja na chakula. Nywele: dawa inapiga chembe zote zinazokua haraka, za saratani na za mizizi ya nywele pia, na tiba ikiisha nywele zinaota tena. Ganzi ya vidole na choo kigumu: ni dawa iitwayo vinkristini.

Hakuna hata jambo moja lililotoka kwa yule mama. Vijana waliondoka mmoja mmoja, bila kusema kitu. Kesho yake nilikwenda kwake na bibi yangu, nikaomba msamaha. Alitupokea.

Ndugu zangu, ndilo neno langu leo: ukijua jambo lipi linatoka kwa dawa, huna haja ya kumtafuta mchawi, wala ya kumfukuza mwenzako. Basi nawapa yale niliyojifunza.

Juu ya hasira. Siku za vidonge nilijua kwamba maneno makali yatakuja. Niliwaambia watoto mapema, "Siku 5 hizi mama atakuwa mkali. Ni dawa, si ninyi." Ugomvi wa mambo makubwa, kama pesa na ndugu, tuliuahirisha mpaka wiki ya tatu ya mzunguko, mwili ukiwa umetulia. Lakini mgonjwa akianza kuchanganyikiwa kabisa au kusema anataka kufa, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Juu ya chakula. Dawa za kuzuia kutapika zinafanya kazi zaidi zikimezwa kabla ya kichefuchefu. Tulimpa kidogo kidogo mara nyingi: uji, ndizi, wali. Harufu ya samaki ilimshinda, basi tulipikia mbali na hema. Vidonda vya mdomo alivisukutua kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Maji ya kunywa yachemshwe, na anywe mengi, kwa sababu dawa moja inaweza kuumiza kibofu. Msimchanganyie mitishamba bila kumwuliza daktari. Mingine inagombana na dawa.

Juu ya usafi. Kwa siku 2 baada ya sindano, dawa inatoka kwa mkojo, choo na matapishi. Vaa glovu, funika choo, fua shuka zake peke yake. Kumshika mkono au kumkumbatia hakuna ubaya. Mkilala pamoja siku zile, tumieni kondomu, na katika muda wote wa tiba msitafute mimba.

Juu ya homa. Hapa naomba hata wanaosinzia waamke. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe za kinga zinapungua sana. Homa ya nyuzi 38, au kutetemeka kwa baridi, ni jambo la kukimbilia hospitali saa ile ile, hata usiku. Sisi kila homa tunaiita malaria, tunameza vidonge, tunangoja asubuhi. Kwa mgonjwa huyu asubuhi inaweza kuchelewa. Apimwe malaria, ndiyo, lakini asingoje. Wala usimpe kwanza dawa ya kushusha homa, maana inaificha. Katika mzunguko wa tatu homa ilimpata bibi yangu saa nne usiku, siku ya 10. Tulikuwa na kipimajoto, dereva wa pikipiki alikuwa amekubali tangu zamani, na barua ya kiongozi ya kuonyesha kwenye vizuizi ilikuwa tayari. Alfajiri alikuwa ameshaanza kupewa dawa kwa mshipa. Bila matayarisho yale, sijui ningewaambia nini leo.

Na sisi tunaouguza? Mimi mwanaume nilijifunza kuchota maji, kutwanga sombe na kufua. Wengine walinicheka. Nilichoka mpaka nikawa na hasira kuliko mgonjwa. Muuguzi aliniambia nitafute mtu wa kukaa naye hata saa mbili kila siku ya tatu, nilale. Yule mama mzee ndiye aliyekuja.

Viongozi, mna kazi tatu. Kwanza, penye mgonjwa na maneno ya uchawi yakaanza, ombeni idhini ya familia, muulize hospitali mbele ya watu, kabla hasira haijapata miguu. Pili, tengenezeni likelemba ndogo ya safari za wagonjwa, na muwe na pikipiki inayojulikana kwa usiku. Tatu, msiruhusu mgonjwa aliyepoteza nywele atengwe kisimani au kanisani.

Bibi yangu alimaliza mizunguko 6. Tezi zimeshuka, nywele zimerudi, vidole bado vina ganzi kidogo, na daktari anaendelea kumpima. Tumekosana tena mara nyingi kama watu wote wa ndoa. Lakini neno lile la kurudi kwa kaka zake sijalisema tena.

Vita vilituondoa katika nyumba zetu. Tusikubali ugonjwa ututoe mioyoni mwa wenzetu.

Amani iwe nanyi.